Somo la Minza

Katekista aliwafundisha hivi: kwenye mkato vuta pumzi, kwenye nukta inua macho, umtazame msikilizaji mmoja kana kwamba maneno ni yake. Minza alishika haraka kuliko watoto wote wa Mpui, na Jumapili hii alipangiwa somo la kwanza.

Kwa hiyo baba yake alipomwita kwenye moto na kumpa Biblia, alidhani anataka amsikie akijiandaa. Baba zake wadogo wawili walikaa mlangoni. Tangu ng'ombe waanze kufa, walikuwa wakienda kwa mganga na kurudi.

Bibi, aliyeketi kando ya moto, alijifunika vizuri sweta lake la mtumba, akatabasamu. Macho yake yalikuwa mekundu kama siku zote, kwa moshi wa samadi kavu.

"Soma hapa," baba alisema, akiweka kidole.

Minza aliupitia mstari kimoyomoyo kwanza. Ulisema mwanamke mchawi asiachwe hai.

"Baba, Jumapili hatusomi hapa."

"Soma kwa sauti. Msomee bibi yako."

Alianza, akakwama. Akarudia, akakwama tena, yeye ambaye hakuwahi kukwama. Baba mdogo mmoja akasimama, akawa anamtazama Minza sasa.

Bibi alielewa. Alimshika mjukuu wake kidevu kwa vidole vinavyonuka maziwa.

"Soma vizuri, mama," alinong'ona. "Wasije wakasema nimekurithisha."

Minza akavuta pumzi. Alisoma bila kukwama, na alipofika kwenye nukta akainua macho.