Kopo la Vifungo

Mkewe alimkabidhi kichupa bila kumtazama usoni, kama mtu anayempa mwenzake chumvi mezani. Kilikuwa kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa kikang'aa, na mkojo uliokuwa ndani ulikuwa bado na joto.

Dereva alikitia kwapani, akakibana kwa kipande cha mpira wa sketi alichokiokota chini ya cherehani. Kikipoa njiani, kazi bure. Kikombe cha vipimo kule ghalani kilikuwa na kipimajoto ubavuni, na muuguzi alikisoma kabla ya kitu kingine chochote.

Jumamosi alikuwa amevuta. Misokoto miwili tu, nyuma ya ghala, siku nne baada ya kuapa kwamba ameacha. Leo ilikuwa siku ya kupimwa, naye alishapewa onyo la mwisho tangu ile siku alipogeuza foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, vibaya na mifuko ya saruji ikatua hatua moja kutoka mguu wa mpakiaji. Wakimkuta na bangi leo, kibarua kimeota nyasi. Na nyumba nzima ilikula kwa foklifti ile, maana siku hizi wateja wa mkewe walikuwa wakirudisha nguo zaidi kuliko kuleta.

Alijua anapaswa kuona aibu. Aliitafuta moyoni, hakuipata. Ilikuwa kama kupapasa kwa ulimi jino lililong'olewa zamani.

Jana alipomwomba mkewe, alitegemea moto. Zamani angewaka. Zamani mwanamke huyu akinusa moshi kwenye shati, mtaa mzima ulijua, na shemeji zake waliitwa kwenye kikao kabla mtuhumiwa hajavua viatu. Alikuwa akilia mpaka sauti inakauka. Kisha, kama mwaka mmoja uliopita, akanyamaza. Hakupiga kelele tena, hakununa, hakuuliza mtu katoka wapi. Dereva alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akajiambia kwamba hatimaye mke amemzoea.

Hata hiyo jana alimsikiliza mpaka mwisho huku akishona shati la mteja, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Kando yake lilikuwepo kopo la vifungo, ambalo siku hizi halikubanduka kwake; hata kitandani lilipanda naye. Dereva alikuwa akimtania kwamba hajapata kuona fundi anayelala na vifungo. Mkewe alikuwa akitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kufika, na lilipofika dereva alikuwa ameshageukia mambo mengine.

"Mwombe kaka yako," mke alisema.

Dereva akamweleza kwamba kaka yake hana kifua, habari hiyo ingefika ghalani kabla ya mkojo wenyewe.

"Una hakika unataka wa kwangu, baba watoto?"

"Mama watoto, nani msafi kama wewe? Hata bia hujawahi kuionja."

Hilo lilikuwa kweli. Mke aliitazama sindano kwa muda mrefu, kama aliyesahau ni ya kazi gani. "Haya," akasema.

Asubuhi ile, watoto walipokwisha kwenda shule, aliipua sufuria ya chai kwa mikono mitupu, akaibeba mpaka mezani, taratibu. Dereva alimwambia ataungua. Mkewe akaviangalia vidole vyake vilivyoiva wekundu, akasema haikuwa ya moto sana. Ndipo akachukua kichupa, akaenda nacho uani.

Ghalani madereva walikuwa wamepanga foleni nje ya chumba cha huduma ya kwanza. Mmoja aliuliza kama leo wanapimwa mimba, wenzake wakacheka. Msimamizi alipita akiwaambia kwamba kampuni imeleta vikombe vipya, vinavyopima mambo mengi kuliko vile vya zamani, kwa hiyo mjanja asijisumbue. Watu wawili mbele ya dereva waliacha kucheka. Yeye hakujali. Alikuwa na mkojo wa mtu asiye na doa.

Chooni alimimina haraka, akakirudisha kichupa kwapani, akavuta maji. Alipoleta kikombe, muuguzi alikitazama kipimajoto, akatikisa kichwa kukubali, akamwonyesha kiti.

Dereva akangoja. Ukutani palikuwa na saa iliyosimama na picha ya mtu anayeinua mzigo vibaya. Aliwaza kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Akifika nyumbani atamwambia mkewe ameacha, na safari hii ataacha kweli. Atakaa naye, atamshikia kitambaa akate, watazungumza kama zamani. Alisikia kitu kifuani, kidogo, cha mbali, akakitambua kuwa ni furaha.

"Bangi huna," alisema muuguzi, akaandika. "Pombe huna."

Dereva akashusha pumzi, akaanza kuinuka.

Muuguzi hakulifunga daftari. Alikwenda kuusindika mlango, akarudi, akavuta kiti chake karibu.

"Kaka yangu," alisema kwa sauti ya chini, "hivi vidonge vya usingizi ulianza kuvimeza lini?"

Dereva alikumbuka kopo la vifungo lililolala kando ya mto wa mkewe.

"Sijui," alisema.