Intavyuu ya Wokovu

Kondoo walimkimbia Fisi, mtawala aliyemtafuna kila aliyesali kinyume naye. Ng'ambo wakajenga boma, eti la uhuru, na haingii mtu bila kutoa ushuhuda wa kuokoka.

Kanga hakutaka makuu, alitaka paa tu. Vifaranga wake walikuwa wakitetemeka na mvua ilikaribia.

"Dada, uliokoka lini?" akauliza Mzee Kondoo langoni.

"Kusema kweli mzee wangu, sijui. Naomba tu kila siku."

"Hujui? Umefeli. Next!"

Nyuma yake alisimama Fisi, machozi tele. "Wapendwa, niliokoka Jumatano, saa nne kamili!"

"Haleluya! Huyu ndiye gavana wetu!"

"Jamani, be serious!" Kanga akapiga yowe. "Si ndiye aliyewatafuna?"

"Nyamaza! Asiyeokoka hana sauti hapa."

Fisi akafunga lango kwa ndani. Kanga akawafunika vifaranga kwa mbawa kwenye mvua, akisikiliza haleluya zikipungua, moja baada ya nyingine.