Ile Kubwa Nyeusi

Kisilu alikuwa ameshaichagua ile ndogo nyekundu moyoni mwake, kwa sababu alipoikalia miguu yake yote miwili ilitua chini. Hakuwa amewahi kuendesha pikipiki maishani.

Lakini baba mkwe wake, dereva mstaafu wa lori aliyetoka Machakos kuja kumsaidia kuchagua, aliicheka mbele ya muuzaji.

"Hiyo ni ya kubebea mayai, mwanangu. Binti yangu akishikwa na uchungu utamkimbiza hospitali na hiyo? Panda hii."

Kisilu akaipanda ile kubwa nyeusi. Ncha za viatu tu ndizo zilizogusa changarawe, na pikipiki ikawa inamlemea upande. Alitaka kusema hataiweza. Lakini baba mkwe habishiwi, sembuse mbele ya watu.

"Unaionaje?"

"Ni nzuri, baba."

Muuzaji akaipiga kiki, ikanguruma. Akamwonyesha klachi, gia na breki harakaharaka, kama anayemkumbusha mtu mambo anayoyajua. Kisilu akaitikia kwa kichwa. Nje ya lango, mabasi yalipita mfululizo kwenye Barabara ya Jogoo.

Ndipo kiti kikabonyea nyuma yake. Mzee alikuwa amepanda, na mikono yake mikavu ikamshika Kisilu kiunoni bila wasiwasi wowote.

"Twende Makongeni," alimwambia sikioni, akicheka. "Nataka binti yangu atuone tukifika."

Kisilu akaingiza gia kwa mguu, vidole vyake vikiwa bado vimeibana klachi.

Akaiachia.