Ridhaa ya Zawena

Sheria ilitaka kila anayebashiri mechi kwa simu apate ridhaa ya ndugu wa damu, tena wakionana uso kwa uso kiooni. Ndugu akikataa kupokea, anatozwa faini. Ndiyo maana kila Jumamosi Mhina alinyoa ndevu, akavaa shati lake la sikukuu ya Idi, akaweka dau dogo kwa Mkonge, timu iliyokuwa ikiburuza mkia. Simu zake za siku nyingine bintiye hakuzipokea.

Zawena akatokea kiooni.

"Shikamoo baba. Mkonge tena? Si wanafungwa kila siku hao?"

"Marahaba, mwanangu. Nawapenda hivyo hivyo."

"Umekula?"

"Nimekula. Mtoto keshaota meno?"

"Mawili. Haya baba, nimeridhia, nachelewa kazini."

Jioni ile Mkonge wakashinda. Majirani wakaja na vigelegele, na simu ikatangaza kwa sauti tamu: hongera, kisheria mshindi anapumzishwa kubashiri mwaka mzima, kwa usalama wake.

Mhina akawashukuru majirani, akafunga mlango. Akaketi mbele ya kioo kilichozimika, shati la Idi bado mwilini, akalijibu upya lile swali.

"Bado sijala, mwanangu."