Jina la Tindwa

Seva ya hospitali ilikuwa inasuasua tangu asubuhi, na wagonjwa walijaa kwenye mabenchi wakisubiri majibu ya maabara. Zuhura, fundi wa kompyuta, aliitazama skrini kidogo tu akamjua mwizi. Ile programu ndogo inayochunga mashine zote za hospitali ndiyo iliyokuwa inakula memori.

"Kuna mashine inaitwa na haiitiki," alimwambia Bwana Mkangara, mkuu wake. "Programu ikikosa jibu inaliweka swali kiporo, halafu inaita tena. Viporo hivyo ndivyo vimejaza seva. Mashine yenyewe inaitwa Tindwa."

Mkangara aliinamisha kichwa. Tindwa alikuwa fundi mwenzao. Walipomzika, kompyuta yake iliondolewa mezani, lakini hakuna aliyethubutu kulifuta jina lake kwenye orodha ya programu ile.

"Usilifute, dada," alisema.

"Nani kasema nafuta? Ile kompyuta mpya ya maabara mmeshaipa jina?"

"Bado."

"Na kwenu jina la marehemu anapewa nani?"

Mkangara alimtazama. "Mtoto anayezaliwa."

Zuhura alikuwa ameshaanza kuiandikia ile kompyuta mpya jina la Tindwa. Aliigeuza skrini ili mkuu wake aone. Viporo vilianza kupungua, seva ikapumua, na kule maabara printa ikatoa karatasi ya kwanza. Kwenye skrini, pembeni ya jina la Tindwa, alama nyekundu iligeuka kijani na neno moja likatokea: yupo.

Mkangara alivua miwani, akasogea karibu kama mtu anayetaka kusalimia.