Saa Mbili ya Nani

Miaka kumi na moja Tunu Mbaruku aliwapigia kelele wenye kivuko watoe ratiba, na juzi, kwa amri ya serikali, wakaibandika. Alfajiri ya leo akapata simu: dada yake kafariki ng'ambo ya maji, anazikwa saa saba mchana. Hakubabaika. Alikwenda gatini akasoma ile karatasi aliyoipigania: KUONDOKA 2:00.

Saa mbili asubuhi ikafika, ikapita. Kivuko kimetulia ukingo wa pili kama mgeni aliyeandaliwa chai.

"Karani, si mmeandika saa mbili?"

"Hiyo saa ya kizungu, mama. Yaani saa nane mchana."

"Saa nane! Watu watakuwa wamesharudi kutoka makaburini!"

Muuza kahawa akadakia, "Usimsikilize huyo, dada. Jana kiliondoka asubuhi, saa mbili hii hii."

"Jana kilikuwa cha juzi," karani akasema, "kilichelewa."

"Zamani mlituchelewesha kwa mdomo," Tunu akafoka. "Sasa mnatuchelewesha kwa maandishi!"

"Ratiba si ulidai wewe, mama?"

Tunu akageukia maji. Ng'ambo moshi ulipanda, na kivuko kikatikisika. Mbele na nyuma yake vimefanana. Kama kinakuja, au kinafungwa kamba upya, hakuweza kujua. Tunu akavua viatu, akateremka mpaka maji yakamfika vifundoni, akasimama humo, mkono juu ya macho.