Ukuta wa Samawati

Katikati ya Tirana, mji mkuu wa Albania, nyumba ya Zamira ilikuwa imeshabomolewa kupisha ghorofa refu. Juu ya shimo la msingi ulisalia ukuta mmoja tu, ulioshikana na jengo la jirani, wenye rangi ya samawati ya chumba cha bintiye.

Asubuhi ile mafundi walileta pampu ya zege kuufunika. Zamira akampigia kwa video binti yake aliyeko Ujerumani, akaiinua simu juu ya uzio wa mabati.

"Siuoni, mama. Sogea!"

"Nisogee wapi? Niruke shimoni na magoti haya?"

Fundi mmoja akaja mbio. "Mama, toka hapo! Zege linakuja."

"Kilikuwa chumba chake," Zamira akasema. "Hajarudi tangu aondoke."

Fundi akaitazama simu, kisha akaichukua, akateremka nayo mpaka ukutani.

"Haya dada, ndio huu."

"Hapo palipochubuka kitanda kilikuwa kinagusa. Niwekee mkono."

Fundi akavua glavu, akabandika kiganja.

"Pana baridi?"

"Hapana. Jua limepapiga."

Pampu ikaanza kunguruma.

"Kaka," binti akasema, "usiutoe mkono kwanza."